Kupoza Kompyuta kwa Maji: Jinsi ya Kupanga Mzunguko Wako wa Kwanza Ukiwa Nairobi

Kipande kilichonichelewesha wiki tatu nilipounda mzunguko wangu wa kwanza wa maji ya kupozea kompyuta kinashikika kwa ncha za vidole viwili. Nilikuwa na koki ya kumwagia maji mkono huu na tii (kiungo chenye umbo la T) mkono ule, zote mbili jike, yaani hesi iko ndani ya tundu. Haziungani mpaka upate kiungo cha dume kwa dume, na hicho sikuwa nimekiandika kwenye orodha. Rejeta (inayotoa joto la maji kwenda hewani), pampu, tangi na bloku (kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji) zote zilikuwa tayari mezani. Nikaanzia Luthuli Avenue nikiuliza duka kwa duka, nikavuka River Road, nikaishia Kirinyaga Road kwa wauza vifaa vya mabomba. Nilichopata ni kiungo cha chuma kilichopakwa zinki. Kilikuwa cha robo inchi kweli, lakini hesi yake inakonda kuelekea mbele, na kitu kama hicho ukikikaza kwenye tangi la akriliki unalipasua. Nikarudi nyumbani, nikaagiza kimoja kutoka nje, nikangoja.

Tangu hapo nimewasaidia watu kadhaa kujenga mizunguko yao, na karibu kila aliyekwama alikwama kabla hajashika bisibisi. Vifaa hivi vingi huku kwetu ni vya kuagiza, kwa hiyo kosa la shilingi mia tatu hukugharimu nusu mwezi. Ndiyo sababu nitakaa sana kwenye karatasi na rula, kisha nitapita upesi kwenye kufunga.

Amua kitakachopozwa

Ukitaka kupoza prosesa peke yake, nunua kipoza maji kilichofungwa kiwandani, ukifunge kwa nusu saa, uendelee na kazi zako. Nasema hivi nikiwa naupenda mzunguko wa kujijengea kuliko watu wengi. Faida yake kubwa iko kwenye kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayotoa joto jingi na feni zake ndizo zinazopiga kelele. Mimi hukata video usiku, na mwanangu hulala chumba hichohicho. Kadi yangu ilikuwa ikifika digrii 80 na kulia kama kikaushia nywele. Siku hizi haipiti 55, na kinachosikika zaidi ni mbwa wa jirani.

Ila kumbuka kwamba bloku ya kadi hutengenezwa kwa ubao wa kadi fulani tu. Ukiuza kadi, bloku haina kazi tena. Kama unapanga kubadilisha kadi miezi michache ijayo, subiri upate hiyo mpya kwanza.

Piga hesabu ya joto

Andika wati za prosesa na wati za kadi, ujumlishe. Chukua mfano wa prosesa ya Ryzen 7 5800X, ambayo kikomo chake cha kawaida ni wati 142, pamoja na kadi ya RTX 3070 yenye wati 220. Jumla ni 362. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila kipande cha rejeta kinachobeba feni moja ya milimita 120 huondoa takriban wati 100 bila feni kupiga kelele, maji yakiwa yamezidi joto la chumba kwa digrii 10 hivi. Kwa hiyo unahitaji vipande 3.6.

Hapo sasa Nairobi inaingia kwenye hesabu. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja kwa sita. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini uzito wa hewa inayobeba joto ni mdogo. Mimi huzidisha kwa 1.2, na 3.6 inakuwa 4.3. Jaza hadi vipande 5, yaani rejeta moja ya 360 (feni tatu) na moja ya 240 (feni mbili). Afueni yetu ni kwamba chumba cha Nairobi mara nyingi hukaa digrii 20 hadi 26. Ukiongeza digrii 10 kwenye 24 unapata maji ya 34, na hayo ni mazuri sana. Pampu nyingi na mipira ya kupitishia maji hazipaswi kupitisha maji yanayozidi digrii 60, lakini mimi nikiona yamepita 45 najua kuna kitu hakiko sawa.

Pima kasha mwenyewe

Tovuti ya mtengenezaji itakwambia kasha la kompyuta linabeba rejeta ya 360 juu. Usiishie hapo. Rejeta nyembamba ina unene wa milimita 30 hivi na feni ina 25, kwa hiyo unahitaji milimita 55 kutoka dari ya kasha kwenda chini, kabla ya kugusa RAM au vipoza vya alumini vilivyo ukingoni mwa ubao mama. Rejeta nene ya 45 hukupeleka kwenye 70, na makasha mengi hayana nafasi hiyo. Kumbuka pia kwamba upande mmoja wa rejeta una kichwa kinachotokeza, ambacho fitingi (viungo vya kushikia mipira) huingilia, na hicho hurefusha rejeta kupita urefu wa feni tatu.

Njia yangu ni katoni. Kata katoni ya ukubwa wa rejeta, gandisha nyingine juu yake ifikie unene wa rejeta na feni pamoja, kisha uiingize ndani ya kasha kompyuta ikiwa imefungwa kila kitu chake. Fanya hivyo kwa rejeta zote mbili kwa pamoja, maana mara nyingi kila moja inaingia peke yake lakini zinagongana kwenye kona. Weka pia kopo au chupa yenye ukubwa wa tangi pale unapotaka tangi likae. Funga mlango wa kioo. Ukifungika vizuri, andika vipimo.

Usichanganye shaba na alumini

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zimepotea. Bloku karibu zote nzuri ni za shaba nyekundu, nyingine zikiwa zimepakwa nikeli. Rejeta nzuri zina mirija ya shaba, na fitingi ni za shaba ya njano. Hizo zote huishi pamoja ndani ya maji yenye dawa bila ugomvi. Alumini haiishi nazo. Ukiweka alumini na shaba ndani ya maji yaleyale, zinafanya kazi kama betri na alumini ndiyo inayoliwa.

Nilipokuwa natafuta rejeta ya bei nafuu nilimwendea fundi mmoja mzee Kirinyaga Road, nikamwonyesha picha. Akashusha rejeta ndogo ya gari kutoka kwenye msumari, akaipima mkononi. "Kijana, hii ni alumini," akasema. "Za shaba zilikuwa za magari ya zamani. Ukipata moja, mwenye chuma chakavu ameshakutangulia." Alikuwa na biashara ya kufanya na bado akaniambia ukweli, na namshukuru mpaka leo.

Binamu yangu wa mtaa wa Umoja hakupata wa kumwambia. Alinunua mtandaoni rejeta ya bei rahisi, akaifunga na bloku ya shaba, akaweka maji matupu. Baada ya miezi mitano prosesa ikaanza kupanda joto. Tulipofungua bloku tukakuta sahani ya shaba yenye mapezi membamba, nafasi kati ya moja na jingine ikiwa chini ya nusu milimita, na kila nafasi imejaa ute mweupe mzito kama uji wa mahindi uliopoa. Tulisugua kwa mswaki laini na siki jioni nzima. Bloku ilipona. Rejeta ilikuwa imeanza kutoboka.

Ili usidanganyike na picha za mtandaoni, soma maelezo hadi uone metali imetajwa kwa jina. Isipotajwa, chukulia ni alumini. Rejeta ikishafika, mulika tochi ndani ya tundu la fitingi. Hesi ya shaba ina unjano au wekundu, ya alumini ni nyeupe kama sufuria mpya. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu haishiki yoyote kati ya hizo mbili.

Bloku ya kadi ya picha

Jina la kadi halitoshi. RTX 3070 za watengenezaji wawili zinaweza kuwa na mbao tofauti kabisa, matundu ya skrubu mahali tofauti, chipu za umeme zimepangwa kivingine. Tafuta orodha ya mtengenezaji wa bloku, linganisha namba kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kadi. Kadi nyingi mjini hapa ni za mkono wa pili, na muuzaji hujua jina la juu tu, kwa hiyo omba uigeuze uone kibandiko kabla ya kulipa. Hakikisha bloku inakuja na pedi zake za kupitisha joto na unene wake umeandikwa. Pedi nene kuliko inavyotakiwa huinua bloku, na chipu kuu inakosa kugusana na shaba.

Chora, halafu hesabu fitingi

Chukua karatasi, chora kasha kwa ubavu, uweke kila kitu mahali pake. Kuhusu mpangilio kuna sharti moja tu la lazima: tangi litangulie pampu na likae juu yake, ili pampu isivute hewa. Kwa waanzaji napendekeza tangi lililoungana na pampu, tatizo hilo linaisha lenyewe. Mengine yafuate njia fupi. Watu hubishana sana kama rejeta ikae kati ya prosesa na kadi. Maji yakizunguka lita 3 kwa dakika, wati 362 huyapasha kwa chini ya digrii 2 tu mzunguko mzima. Kwa tofauti hiyo, fuata njia isiyokunja mpira.

Sasa hesabu kwa kidole. Kila kifaa kina tundu la kuingilia na la kutokea: tangi na pampu 2, bloku ya prosesa 2, bloku ya kadi 2, rejeta mbili 4. Jumla fitingi 10. Ongeza 2 za akiba. Halafu njia ya kumwagia maji, iliyo mahali pa chini kabisa pa mzunguko: tii 1, koki 1, kizibo 1, na vile viungo vya dume kwa dume, viwili, kimoja cha kuingiza tii kwenye tundu la kifaa na kingine cha kushikanisha tii na koki. Kona za digrii 90 andika 2 au 4, kulingana na mchoro wako, hasa pale rejeta inapobanwa na dari. Usiache njia ya kumwagia maji kwa ajili ya kupunguza gharama. Bila hiyo, siku ya kubadilisha maji utainamisha kompyuta ya kilo 15 juu ya beseni.

Matundu yote hutumia hesi ya kipimo cha G1/4, iliyonyooka, na kinachozuia maji ni oringi (pete ndogo ya mpira), si kubanwa kwa hesi. Kwa hiyo usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kaza kwa mkono mpaka oringi ikae, basi.

Mipira

Chukua mipira laini. Ile migumu inayokunjwa kwa moto ni mizuri machoni, lakini kila kona ni nafasi ya kukosea na kila kosa ni mpira mpya kutoka nje. Vipimo viwili vya mpira lazima vilingane na fitingi, upana wa ndani na wa nje kwa milimita. Fitingi ya 10/13 haishiki mpira wa 10/16. Mimi hupendelea 10/16, kwa kuwa ukuta wake mnene haukunjiki upesi kwenye kona. Ukipata ule mweusi wa mpira aina ya EPDM, ndio bora zaidi kwa mtu anayetaka kukaa muda mrefu bila kufungua. Ile myeupe inayopitisha mwanga ya duka la vifaa vya ujenzi iache huko. Kilainishi chake hutoka polepole, mpira unakuwa na ukungu, na uchafu unaenda kukaa kwenye mapezi ya bloku.

Pima urefu kwa kamba juu ya mchoro halisi ndani ya kasha, jumlisha, ongeza nusu. Mita 3 zinatosha makasha mengi.

Maji

Usitumie ya bomba. Hata ya bwawa la Ndakaini yana klorini na madini, na mitaa mingi ya Nairobi sasa hutegemea visima virefu ambavyo maji yake yana chumvi na floridi nyingi. Nenda kituo cha mafuta, nunua maji ya betri, lita 5. Soma lebo vizuri: unataka maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, si asidi ya betri. Lita moja hivi ndiyo itakayobaki kwenye mzunguko, nyingine ni za kusuuza.

Maji hayo peke yake hayatoshi. Yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na dawa ya kuua mwani. Njia rahisi ni kuagiza kichupa cha dawa nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, unayochanganya na maji mwenyewe kwa kipimo kilichoandikwa, na hivyo husafirishi maji kwa ndege kutoka ughaibuni. Chagua isiyo na rangi. Zile zenye rangi nzito kama maziwa hutuama, na chembe zake huziba bloku.

Agiza mara moja

Orodha ikikamilika, iache siku mbili. Kisha ifuate kwenye mchoro, tundu moja baada ya jingine, ukiuliza: hapa kinaingia nini, dume au jike? Mpe mtu mwingine aifuate pia. Baada ya hapo agiza vyote kwa pamoja, maana gharama ya usafiri na ushuru wa uwanja wa ndege wa JKIA huumiza zaidi ukigawa mizigo. Weka kando VAT ya asilimia 16, ada ya kuagiza na tozo ya reli, ambazo muuzaji wa nje hakuonyeshi kwenye bei. Ongeza kifaa cha kupima uvujaji kwa hewa kama bajeti inaruhusu. Mimi nakihesabu kuwa muhimu kuliko taa zote za rangi.

Kufunga, kupima, kujaza

Suuza rejeta kwanza, hata ikiwa mpya. Mimina maji moto ya betri nusu yake, ziba matundu, tikisa kwa dakika mbili, mwaga kwenye bakuli jeupe. Utaona vipande vidogo vyeusi na mafuta ya kuchomelea. Rudia mpaka bakuli libaki safi. Mara ya kwanza nilirudia mara nne.

Skrubu za bloku kazia kwa msalaba, kidogo kidogo. Skrubu za feni pima urefu kabla hujakaza, kwa kuwa ndefu kupita kiasi hutoboa mrija wa rejeta. Kata mipira kwa kisu kikali ili ncha iwe sawa, na uisukume mpaka mwisho wa fitingi kabla ya kukaza pete yake.

Kisha pima kwa kile kifaa cha hewa, shinikizo la nusu baa, dakika 30. Sindano yake ikishuka, usijaze maji. Lainisha kila kiungo kwa maji kidogo ya sabuni na utafute povu, au ziba sehemu moja moja mpaka uipate.

Ukifika kwenye kujaza, chomoa waya mkuu wa pini 24 kwenye ubao mama na nyaya zote za kadi. Pampu peke yake ndiyo ibaki kwenye pawasaplai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme), na pawasaplai iwashwe kwa kizibo maalumu kinachoiwasha bila ubao mama. Tandaza tishu nyeupe chini ya kila fitingi. Jaza tangi, washa pampu sekunde tatu, zima, jaza tena. Pampu isizunguke ikiwa kavu hata kidogo, maana maji ndiyo mafuta ya beringi yake. Utasikia sauti kama ya mtu anayemalizia soda kwa mrija. Ni hewa inapita. Inamisha kasha kushoto, kulia, nyuma, na mapovu yatakimbilia tangini. Acha pampu izunguke saa 24, pawasaplai ikiwa imechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba) ili stima ikikatika usilazimike kuanza kuhesabu upya.

Kesho yake kusanya tishu moja moja uzitazame karibu na dirisha. Zikiwa kavu zote, rudisha nyaya, washa kompyuta, fungua programu ya kuonyesha joto na uipe kazi nzito kwa saa nzima. Weka alama ya kalamu kwenye tangi pale maji yalipofika. Wiki ya kwanza kiwango kitashuka kidogo kwa sababu hewa iliyojificha kwenye rejeta inatoka, nawe utaongeza. Kikikaa kwenye alama siku tatu mfululizo, kaza kifuniko, rudisha kioo, na uandike tarehe kwenye kibandiko ndani ya mlango wa kasha, kwa kuwa maji hayo utayabadilisha baada ya mwaka mmoja.